Kijana wa Makongolosi na Chuo cha Muziki

Makongolosi, wilayani Chunya, ni mji wa dhahabu. Dhahabu ya Lupa ilivumbuliwa mwaka 1922, wakakusanyika machimboni watu wa makabila mengi. Na mtu ahamapo huhama na ngoma yake. Lakini kijana wa huko aliyetaka kusomea muziki ilimpasa asafiri mbali. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilipoanzishwa mwaka 1981, hakuwa na budi apande milima hadi Mbeya, kisha ashike garimoshi au gari kwenda pwani. Huko alifundisha Hukwe Zawose, fundi wa zeze na ilimba. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kilifundisha muziki, bali kwa shahada.

Sheria ya mwaka 2004 iliunda Bodi ya Mikopo kwa ajili ya elimu ya juu. Hapo pakatokea jambo la kutazamwa: mwenye sifa za kuingia chuo kikuu aliweza kuomba mkopo, hali mtafuta cheti, hata akiwa fukara kuliko mwenziwe, alitegemea mfuko wa mzazi. Basi kipawa hakikuchagua chuo peke yake. Nauli na ada nazo zilichagua. Aandikaye historia ya muziki wetu kwa orodha za wahitimu tu, amewasahau waliobaki machimboni.