Uwezekano wa mimea iliyo hatarini (tathmini ya)

Ni makadirio ya kama mimea iliyo hatarini kutoweka inaweza kuwapo katika eneo la mradi kabla ya ujenzi kuanza. Tanzania huyapa nafasi katika tathmini ya athari kwa mazingira, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Mtaalamu hulinganisha mwinuko, udongo na maji ya eneo na kumbukumbu za mimea iliyokusanywa. Mti wa msoo (*Oxystigma msoo*), kwa mfano, hupenda misitu yenye maji ya chini ya ardhi kama Rau, kando ya Moshi. Kiwanja kikavu hakiufai, lakini ukingo wa mto wenye miti unastahili kupekuliwa kwa miguu. Kukosekana kwa kumbukumbu hakuthibitishi kwamba mmea haupo.