Kalamu Namba 62

Katika Wilaya ya Mufindi, mti wa kupandwa huandikwa kabla haujashika mizizi. Msitu wa Sao Hill, shamba la miti la serikali lililo kubwa kuliko yote nchini, umegawanywa katika vitalu vyenye namba. Kila kitalu kina kumbukumbu yake: aina ya mti, mwaka wa kupanda, ukubwa wa eneo, lini kilipogolewa, lini kilipunguzwa, lini kitavunwa. Ukisimama Nyololo, penye njia panda ya kwenda Igowole na Mtwango, ukaona lori la magogo linapita kwenye barabara kuu ya Zambia, jua kwamba kuna mahali umri wa magogo yale umeandikwa. Wapo wazee wa vijiji hivi ambao hawawezi kukutajia mwaka wao wa kuzaliwa kwa uhakika namna hiyo.

Mambo haya yana historia. Majaribio ya kupanda miti Sao Hill yalianza 1939, enzi za Mwingereza. Msindano uliotapakaa huku, ambao wengi tunauita paina, asili yake ni Mexico. Mkaratusi na mwati vilitoka Australia. Upandaji mkubwa ulishika kasi miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kwa kuwa nchi ilikusudia kujitengenezea karatasi yake. Kiwanda cha Mgololo kilianza kuzalisha mwaka 1985. Kwa hiyo msitu huu ni wa hesabu tangu mwanzo. Mti ulipandwa ili siku moja uwe karatasi, na karatasi ndiyo iliyotumika kuuhesabu mti.

Gogo likishakatwa hupimwa, hugongwa nyundo ya alama, na likianza safari hupewa hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Barabarani kuna vizuizi vya kukagua hati hizo. Lakini likifika kwenye mashine ya kupasulia, kumbukumbu hukatika. Mbao hupangwa kwa vipimo, si kwa kitalu ilikotoka. Mabanzi na vichwa vya mbao hurundikwa pembeni, yakisubiri mwenye shida ya kuni.

Mimi huokota kwenye marundo hayo. Natengeneza kalamu za mti kwa mashine ndogo ya kukereza, nyumbani, hapa Nyololo. Paina ni laini mno kwa kazi hii, hivyo natafuta mwati, mkaratusi, mpera, na matawi ya miti ya uani ambayo watu wanakata kupisha ujenzi. Kazi yenyewe inaelezeka kwa maneno machache. Unakata kipande chembamba cha mraba, unakitoboa katikati kwa keekee ya milimita 7, unagundisha mrija wa shaba ndani ya tundu, unakereza mpaka kiwe mviringo, unapiga msasa, unapaka nta, kisha unaingiza mtambo wa wino. Ugumu uko kwenye maji. Mti mbichi ukikerezwa utasinyaa, na kwa kuwa mrija wa shaba hausinyai, kuni itapasuka juu yake. Hakuna macho yanayoweza kukuambia kama kipande kimekauka. Mizani ndiyo inayojua. Unapima kila wiki na kuandika, na uzito ukiacha kushuka, kipande kiko tayari.

Daftari langu lilianza na uzito huo, halafu likaongezeka safu moja moja. Leo kila kalamu ina mstari mmoja wenye namba, aina ya mti, mahali ulipotoka, aliyenipa, siku uliyokatwa, uzito wa kwanza na wa mwisho, siku ya kukereza, nilichopakia na aliyeichukua. Namba huandikwa pia kwa penseli juu ya kipande. Hapo pana kichekesho kidogo, kwa sababu patasi inapogusa mti, kitu cha kwanza kuondoka ni namba. Kwa hiyo hukata ncha ya kila kipande kabla ya kukereza, nikaiandika namba ile ile na kuiweka kwenye boksi la viatu. Kalamu inaondoka, ncha inabaki. Kila mwisho wa mwezi hulinganisha boksi na daftari, na kulipiga daftari picha kwa simu, maana daftari nalo huungua na hunyeshewa.

Marafiki zangu huniuliza kwa nini najisumbua hivi kwa ajili ya kitu cha shilingi elfu chache. Jibu moja liko Kalenga, nje kidogo ya mji wa Iringa. Mtwa Mkwawa alipojiua mwaka 1898, Wajerumani walimkata kichwa. Mwaka 1919 Mkataba wa Versailles, katika ibara ya 246, uliitaka Ujerumani irudishe fuvu lake. Halikupatikana kwa miaka mingi. Hatimaye Gavana Edward Twining alikwenda kwenye jumba la makumbusho la Bremen, akakuta mafuvu mengi, na ikabidi lichaguliwe moja kwa vipimo, kwa kulinganisha na watu wa ukoo wa Mkwawa. Fuvu hilo lilirudishwa mwaka 1954, na ndilo linalohifadhiwa Kalenga. Tangu wakati huo wapo wanaouliza kama kweli ni lake. Swali hilo limezaliwa na karatasi moja tu iliyokosekana, ile ambayo ingesema kitu hiki ni cha nani, kimetoka wapi, na kimeletwa lini. Aliyekiingiza rafuni angeweza kuiandika kwa dakika moja.

Jibu la pili liko kusini mashariki, wilayani Kilwa. Mpingo, mti mweusi unaotengenezewa klarineti na obo duniani, na ambao watengeneza kalamu wa ng'ambo wanautamani sana, uliuzwa kwa muda mrefu bila vijiji kupata cha maana. Mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi ilipata ithibati ya FSC, ya kwanza barani Afrika kwa misitu ya asili inayomilikiwa na jamii. Maana yake ni kwamba gogo lao liliweza kufuatiliwa kwa maandishi kutoka kisikini hadi kwa mnunuzi, na bei ikapanda kwa ajili ya maandishi hayo. Mti ulikuwa ule ule. Tangu 2017 jamii nzima ya miti hiyo, Dalbergia, iko kwenye orodha ya biashara inayodhibitiwa kimataifa, na mwenye kuusafirisha anapaswa kuonyesha ulikotoka. Mwati wangu haumo kwenye orodha yoyote, lakini utaratibu nimeuazima kwao.

Mwaka jana mama mmoja jirani alikata mpera uliopandwa na marehemu mumewe, akaniletea tawi. Kalamu nne zilitoka humo, namba 61 hadi 64. Tatu alizitaka kwa ajili ya watoto wake, moja akaniachia niuze. Miezi kadhaa baadaye alikuja na kalamu mkononi.

"Mwanangu, nimeletewa hii. Wanagombana. Huyu anasema yake siyo ya baba, eti imebadilishwa."

"Shikamoo mama. Karibu ukae."

Mpera na mpera hufanana. Tulitoa boksi, tukaiweka ncha namba 62 kando ya kalamu. Mstari mweusi wa fundo uliokuwa kwenye ncha uliendelea kwenye kalamu kana kwamba haukuwahi kukatwa. Mama akaupitisha ukucha juu yake mara mbili, akacheka, kisha akafuta macho kwa ncha ya kitenge.

Kila kalamu hutoka na kikaratasi chenye namba yake, jina la mti na jina la mahali. Kuna aliyenishauri niandike "Iringa" au "Nyanda za Juu Kusini", kwa sababu jina la Nyololo linawakumbusha watu jambo baya. Ni kweli. Watanzania wengi walilisikia jina hili kwa mara ya kwanza tarehe 2 Septemba 2012, siku Daudi Mwangosi, mwandishi wa Channel Ten na mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari Iringa, alipouawa hapa kwa bomu la machozi akiwa kazini. Chadema walikuwa wakifungua tawi, polisi wakaja kuzuia. Maelezo ya kwanza kuhusu kifo chake yalipingana. Lakini wenzake walikuwa wamepiga picha, na picha zilimwonyesha akiwa katikati ya askari. Mwezi Julai 2016, Mahakama Kuu Iringa ilimtia askari mmoja hatiani kwa kuua bila kukusudia, ikamhukumu kifungo cha miaka 15. Kama wenzake wangeshusha kamera siku ile, tungebaki na maelezo yanayopingana.

Naandika Nyololo. Mnunuzi akiuliza, namsimulia, kisha namwonyesha mstari wa kalamu yake. Wengine huondoka kimya. Mmoja, mwanafunzi wa uandishi wa habari, alirudi kununua ya pili.

Sasa hivi mezani kuna kipande cha mwati, namba 118. Kilitoka kwenye mti uliokatwa karibu na barabara, nilipewa na fundi wa ding-dong, kilikuwa na gramu 41 na sasa kina 29. Wiki mbili mfululizo uzito haujashuka. Kesho nitakitoboa. Safu ya mwisho bado iko wazi.