Waliimiksi mara 91, wakarudi namba 2: Jamaa aliyekaa nyuma ya Thriller

Kabla hujaendelea kusoma, naomba ufanye kitu kimoja. Vaa hedifoni zako, tafuta "Billie Jean" ya Michael Jackson, sikiliza sekunde nne za mwanzo halafu zima.

Umesikia nini? Hajaimba mtu. Besi haijaingia. Kinanda hakuna. Ni dramu peke yake, lakini ushajua ni wimbo gani. Hata bibi yako kule kijijini pengine anaujua.

Sasa swali: nani alifanya zile dramu zilie vile? Michael ndiye aliyeandika wimbo, ila siyo yeye. Quincy Jones ndiye aliyekuwa prodyuza, lakini naye siyo. Ni mzungu mmoja mwenye masharubu makubwa anaitwa Bruce Swedien. Wengi wetu tumekua na kazi yake masikioni na jina lake hatujawahi kulisikia. Leo tumuongelee yeye.

KWANZA, INJINIA WA MIKSI ANAFANYA NINI?

Chukulia ni harusi. Bendi ipo, matarumbeta yapo, kamati ipo, mashangazi wanataka kuongea, na mjomba kashalewa anaitaka maiki. Bila MC hiyo shughuli ni kelele tupu. MC haimbi wala hapigi chombo chochote. Kazi yake ni kusema sasa hivi anaongea nani, nani akae kwanza, nani apunguze sauti. Akiwa mzuri utaondoka unasema harusi ilikuwa tamu, wala hutamkumbuka.

Injinia wa miksi ni yule MC. Anapokea sauti zote zilizorekodiwa, kila moja kivyake, anaamua ipi iwe mbele, ipi nyuma, ipi itokee sikio la kulia, ipi kushoto, na ipi itoke kabisa.

Kazi hii haikuwepo tangu zamani. Enzi za mwanzo wanamuziki waliingia chumba kimoja wakapiga kwa pamoja. Kama sauti ya tarumbeta imezidi, mpigaji anaambiwa asogee nyuma, basi, hiyo ndiyo miksi. Baadaye zikaja mashine za tepu zenye traki zaidi ya moja. Beatles walitengeneza albamu yao ya Sgt. Pepper's mwaka 1967 kwa mashine za traki 4 tu. Miaka ya 1970 traki zikafika 24. Hapo ndipo mambo yakawa mengi: sauti ishirini na kitu zote zinataka kusikika, wakati spika ni mbili tu. Akahitajika mtu wa kukata kesi.

JAMAA MWENYEWE

Swedien alizaliwa Minneapolis, Marekani, mwaka 1934. Alipofikisha miaka 10 baba yake akampa zawadi ya mashine ya kurekodi, na toka siku hiyo hakuwa na habari na kitu kingine. Baadaye alihamia Chicago, akarekodi muziki wa klasiki, akafanya kazi na magwiji wa jazi kama Duke Ellington na Count Basie. Huko huko Chicago ndipo alipokutana na kijana Quincy Jones.

Hii sehemu usiiruke, maana inaeleza mengi ya mbele. Mtu aliyezoea kurekodi okestra nzima anajua jambo moja: chombo kina sauti yake, na chumba nacho kina sauti yake. Ukiketi mbele ya okestra unasikia umbali. Unajua violini ziko pale, na ngoma kubwa iko kule nyuma. Swedien akalichukua hilo akalileta kwenye pop.

Mwaka 1978 Quincy alipofanya muziki wa filamu ya The Wiz, ambayo Michael aliigiza, Swedien alikuwepo. Mwaka uliofuata wote watatu wakatoa Off the Wall. Halafu mwaka 1982 wakaingia studio za Westlake, Los Angeles, kutengeneza albamu ambayo dunia nzima ingekuja kuijua.

MBAO, BOMBA LA KARATASI NA NDUGU YETU

Turudi kwenye zile sekunde nne. Swedien alitaka dramu ambazo ukizisikia tu unajua ni wimbo huu na siyo mwingine. Alichofanya ni kama fundi seremala. Alitengeneza jukwaa la mbao, dramu zikakaa juu yake. Dramu kubwa ya mguu akaishonea kifuniko maalumu chenye zipu, maiki ikapenya ndani. Kati ya dramu ndogo na matoazi akaweka kibao ili sauti zisiingiliane. Yote hayo kabla mpigaji hajagusa kijiti.

Na mpigaji mwenyewe unajua alikuwa nani? Leon "Ndugu" Chancler. Ndiyo, Ndugu, neno letu hili hili la Kiswahili. Miaka ya 1970 mwanzoni wanamuziki weusi wa jazi Marekani walikuwa wanajipa majina ya Kiswahili. Herbie Hancock alijiita Mwandishi, na albamu yake ya 1971 ikaitwa hivyo hivyo. Kwenye bendi yake kulikuwa na Jabali, Mchezaji na Mganga. Chancler alipiga kwenye albamu hiyo, na jina la Ndugu likabaki naye mpaka alipofariki mwaka 2018. Kwa hiyo siku nyingine ukicheza "Billie Jean" kwenye sherehe, ujue anayekupigia dramu ni Ndugu kweli.

Kwa sauti ya Michael napo kulikuwa na maujanja. Kuna vipande vya pembeni kwenye wimbo huo ambavyo Michael aliviimba kupitia bomba refu la karatasi ngumu, lile la kutumia vitu kwa posta. Zile sauti za kuitikia, Swedien alimwambia aimbe mara ya kwanza karibu na maiki, halafu arudie kipande kile kile akiwa amerudi nyuma hatua moja, kisha arudie tena kwa mbali zaidi. Ndiyo maana ukisikiliza unaona kama kuna Michael wengi wamesimama kwa safu, na siyo mmoja aliyenakiliwa mara nne.

SIRI YA TEPU

Kwenye maelezo ya albamu ya Thriller kuna maneno kwamba albamu imerekodiwa kwa "Acusonic Recording Process". Watu walihangaika kutafuta hiyo mashine inauzwa wapi. Haikuwepo. Ni jina tu ambalo Swedien na Quincy walilipa ile njia yao ya kufanya kazi.

Njia yenyewe ilikuwa hivi. Tepu kila ikipita kwenye mashine inachakaa kidogo, na ule ukali wa sauti unafifia. Albamu inayotengenezwa miezi kadhaa, tepu inachezwa mara mamia. Swedien alikuwa akisharekodi dramu na besi, anatoa nakala ya kufanyia kazi, zile tepu halisi anazifungia kabatini. Michael anaimba juu ya nakala, magita yanapigwa juu ya nakala. Siku ya kumiksi anazitoa zile za kabatini zikiwa mpya kabisa, anaunganisha mashine mbili au zaidi zikimbie kwa pamoja bila kupishana. Dramu unazozisikia ni kama zimepigwa leo asubuhi.

Shika hilo la tepu kabatini, nitalirudia.

NAMBA 91 NA NAMBA 2

Swedien alifanya miksi ya pili ya "Billie Jean", kila mtu akafurahi, watu wakacheza studio. Kisha Michael akamfuata taratibu akaomba besi iongezwe kidogo. Quincy naye akaja na lake. Akiongeza hiki, kile kinazama. Akikiinua kile, hiki kinapiga kelele. Ikafika miksi namba 91. Tisini na moja, wadau, wimbo mmoja!

Quincy akasema hebu turudie kusikiliza namba 2. Ikawekwa. Kimya. Wote wakajua. Hiyo namba 2 ndiyo unayoisikia mpaka leo.

Nikiwasimulia watu hii stori wanacheka, wanasema walipoteza muda. Mimi naona tofauti. Bila zile 89 za baadaye wasingekuwa na uhakika kwamba namba 2 ndiyo yenyewe. Na somo la pili ni kwamba sikio linachoka. Ukikaa na wimbo muda mrefu unaanza kuutibu ugonjwa ambao hauna.

SIKU MICHAEL ALIPOLIA

Hili ndilo lililonifanya niandike. Thriller ilikaribia kutoka ikiwa mbovu.

Ilikuwa mwisho wa 1982. "The Girl Is Mine", ile aliyoimba na Paul McCartney, ilishatoka. Kampuni inasubiri albamu iwahi Krismasi. Wakaimaliza, ikakatwa santuri ya majaribio, wakakaa kusikiliza. Ikatoka sauti nyembamba, haina nguvu, haina besi. Michael akatoka chumbani analia.

Tatizo lilikuwa la kifundi kabisa. Santuri ni mistari iliyochimbwa kwenye plastiki. Ukitaka besi nzito na sauti kubwa, mistari inahitaji nafasi. Wao walikuwa wamejaza zaidi ya dakika 25 kila upande, mistari ikabanana, sauti ikafa.

Waliposema albamu haitoki, watu wa kampuni hawakufurahi. Wakapumzika siku mbili kutuliza masikio, wakarudi kuimiksi upya, wimbo mmoja kwa siku. Wakakata. "The Lady in My Life" ikapoteza beti zima. Quincy alitaka mwanzo wa "Billie Jean" nao upunguzwe, Michael akagoma, akasema ule mwanzo ndio unaomfanya atake kucheza. Albamu ikaishia nyimbo 9, dakika 42 hivi.

Ilitoka Novemba 1982. Februari 1984 Michael akabeba Grammy 8 usiku mmoja, na Swedien akapata yake ya uinjinia. Mwaka 2021 chama cha makampuni ya rekodi Marekani, RIAA, kiliithibitisha kwa platinamu mara 34, yaani hesabu ya nakala milioni 34 kwa nchi ile peke yake. Swedien aliendelea na Michael kwenye Bad na Dangerous, akamaliza na Grammy 5, na akafariki Novemba 2020 akiwa na miaka 86.

Jiulize: zile nyimbo zilikuwa zile zile. Sauti ya Michael ile ile, dramu za Ndugu zile zile. Kilichobadilika kati ya santuri iliyomliza na santuri iliyouza dunia nzima ni miksi na mkasi.

KWA NINI NAKWAMBIA HAYA

Mwaka 2019 nilimsindikiza mshkaji wangu studio moja huku Dar. Jamaa anaimba, siyo utani. Alikusanya hela miezi mitano, akalipia biti, akalipia kurekodi. Miksi ikafanywa nusu saa, mwenye studio akiwa anajibu meseji huku anasogeza vitufe. Tukatoka tumefurahi, kwenye spika za pale ilikuwa moto.

Jioni tukaipiga kwenye daladala ya mtu tunayemjua. Besi ikameza sauti yote. Abiria wanatingisha kichwa lakini hakuna aliyesikia hata neno moja, na mshkaji wangu alikuwa ameandika wimbo kuhusu mama yake. Alikaa dirishani hakusema kitu mpaka Mbagala.

Tukarudi kesho yake tuombe irekebishwe. Wakatuambia kompyuta imefutwa, kilichobaki ni wimbo uliokwisha unganishwa. Hakuna dramu peke yake, hakuna sauti peke yake. Yaani harusi imeshapita, MC huwezi kumrudisha. Hajarekodi tena tangu siku hiyo.

Unaona sasa ile habari ya tepu kabatini? Michael Jackson alilia, lakini kila sauti ilikuwepo, imetunzwa kivyake, kazi ikarudiwa. Mshkaji wangu alilia na hakukuwa na cha kurudia.

Kwa hiyo wewe msanii mchanga unayesoma hapa, nakuomba mambo matatu. Kabla hujalipa, ulizia nani anamiksi na mtapewa muda gani. Ukimaliza, ondoka na mafaili yako yote, kila sauti kivyake, weka kwenye flashi na sehemu nyingine tena. Na usisikilize kwenye spika za studio tu, kasikilize kwenye simu, kwenye bajaji, kwa jirani.

Na sisi mashabiki tuna letu. Prodyuza wetu tunawajua kwa sababu wanaweka majina yao mwanzo wa wimbo. Ukimsikia Lizer anajitaja, unajua ni Lizer. Injinia wa miksi hajitaji popote, na akifanya kazi vizuri ndiyo kabisa humsikii. Ukikuta jina lake kwenye maelezo ya wimbo, lisome japo mara moja.

Haya, nitajie hapo chini wimbo wa Bongo ambao unaona miksi yake ilikuwa kali kuliko yote, na kama unamjua aliyeifanya, muandike jina tumjue.