Maktaba ya Balsall Heath na Ahadi Iliyoijenga

Jamaa zangu, wengi wetu huipita Moseley Road tukaliona jengo la maktaba, la matofali mekundu na mnara wa saa, tukadhani liliwekwa pale kwa hisani tu. Sivyo. Lilijengwa kutimiza ahadi, na yafaa vijana wetu waijue habari yake.

Sheria ya mwaka 1850 iliyaruhusu mabaraza ya miji kutoza kodi ndogo kwa ajili ya maktaba, ila kwanza walipa kodi wapige kura na theluthi mbili wakubali. Birmingham ilipiga kura 1852, zisitoshe. Mwaka 1860 zikatosha, na 1861 ikafunguliwa maktaba ya kwanza ya kuazimisha, huko Constitution Hill. Maktaba Kuu ilifunguliwa 1865. Januari 1879 ikashika moto na vitabu vingi vikateketea. Mji ukaijenga upya na kuifungua tena 1882.

Siku hizo Balsall Heath haikuwa Birmingham, bali sehemu ya Worcestershire. Iliunganishwa na mji mwaka 1891, na miongoni mwa waliyoahidiwa wenyeji ni maktaba na hamamu. Maktaba ikafunguliwa 1896. Hamamu, iliyo ubavuni mwake, haikufunguliwa mpaka 1907. Ahadi ni deni, na deni hili lilichukua miaka 16 kumalizika.

Kwa nini tuyajali haya sisi tuliotoka pwani? Nimesoma chuoni, kisha sekondari, na nimefundisha miaka mingi. Kwetu, kitabu kilikuwa cha mwalimu au cha nyumba yenye uwezo, na kukiazima kulihitaji kujuana. Maktaba ya umma haimwulizi mtu ni mtoto wa nani. Mgeni aliyefika jana huazima sawa na mwenyeji aliyezaliwa hapa. Kwa familia zilizokuja na sanduku moja, hilo si jambo dogo.

Mwaka 1964, ambao wazee wetu waliukumbuka kwa mambo mengine, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria inayoyalazimu mabaraza kutoa huduma ya maktaba iliyo kamili. Sheria hiyo haikutaja idadi ya majengo wala saa za kufungua, na hapo ndipo penye mwanya. Septemba 2023 Halmashauri ya Birmingham ilitoa ilani kwamba fedha zake hazitoshi matumizi, na katika kupunguza gharama maktaba za mitaani hazikusalimika.

Basi nawaomba, wazee kwa vijana: kila mmoja awe na kadi, nayo haina malipo. Tuazime, tupeleke wajukuu, na halmashauri ikiuliza rai za wananchi, tujibu kwa maandishi. Maktaba isiyo na wasomaji ni rahisi kufungwa, na sisi tu wengi.