Inanga

Inanga ni ala ya muziki ya nyuzi inayopigwa katika nchi za Maziwa Makuu ya Afrika, hasa Burundi, Rwanda, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na magharibi mwa Tanzania, wakiwemo Waha wa mkoa wa Kigoma. Mwili wake ni kipande kimoja cha mti kilichochongwa mfano wa hori lenye kina kifupi. Juu yake hutandazwa uzi mmoja mrefu unaokwenda na kurudi mara kadhaa, kwa kawaida hadi kupata nyuzi nane. Mpigaji hudonoa nyuzi hizo kwa vidole huku akiimba, akisimulia au akinong'ona.

Kwa mtu aliyezoea gitaa, inanga ni ala rahisi kuanza: ni ndogo, haina shingo, na kila uzi una sauti yake moja tu. Ugumu wake hauko vidoleni bali katika lugha, kwa sababu muziki wa inanga hufuata kupanda na kushuka kwa sauti ya maneno yanayoimbwa.

Jina

Neno "inanga" hutumika katika Kiha, Kirundi na Kinyarwanda, lugha tatu ambazo wasemaji wake huelewana kwa sehemu kubwa. Halihusiani na nanga ya meli. Wahaya wa mkoa wa Kagera husema enanga, Washi wa Kivu husema lulanga, na Wahehe wa Iringa wana ala ya namna hiyo hiyo iitwayo ligombo.

Jina peke yake halitoshi kuitambua ala. Huko Buganda, ennanga ni kinubi chenye shingo iliyopinda kama upinde, si hori lenye nyuzi. Katika Biblia ya Kinyarwanda, neno inanga limetumika pia kwa kinubi cha mfalme Daudi.

Mahali pake kati ya ala nyingine

Wataalamu wa muziki huiweka inanga katika jamii ya zita, yaani ala ambazo nyuzi zake zimetandazwa juu ya mwili wenyewe wa ala, bila shingo ya kushikia kama ile ya gitaa. Jamii hiyo ni kubwa. Kanuni inayosikika katika taarabu ya Zanzibar ni zita yenye nyuzi zaidi ya 70. Valiha ya Madagaska ni zita ya bomba la mwanzi. Nchini Marekani, watu wa milima ya Appalachia wana zita ndogo yenye nyuzi tatu au nne iitwayo dulcimer, ambayo wapiga gitaa wengi huipenda kwa kuwa mtu huweza kupata wimbo kamili juu yake baada ya muda mfupi.

Inanga inafanana na dulcimer hiyo kwa jambo moja muhimu: sauti zilizomo ndani yake zimekwisha kuchaguliwa. Tofauti ni kwamba dulcimer ina vyuma vidogo vya kubanishia uzi ili kubadili sauti, lakini inanga haina.

Umbo na utengenezaji

Inanga nyingi zina urefu wa kati ya sentimita 75 na mita moja, na upana wa sentimita 25 hadi 30 hivi. Fundi huchonga gogo kwa tezo mpaka libaki kama sinia refu lenye kingo zilizoinuka. Hutumiwa miti ambayo si migumu mno kuchonga na inayotoa mwangwi mzuri, kama umwungo (Polyscias fulva). Mara nyingi sakafu ya hori hutobolewa tundu au matundu kwa ajili ya kutoa sauti, na wakati mwingine kutiwa mapambo.

Katika ncha zote mbili fundi hukata meno. Uzi hufungwa kwenye jino la kwanza, huvutwa hadi ncha ya pili, huzungushwa kwenye jino la huko na kurudishwa, hivyo hivyo hadi mwisho. Zamani uzi ulitengenezwa kwa kano au utumbo wa ng'ombe. Siku hizi hutumika zaidi nailoni au waya. Katika vijiji vya ziwani, mshipi mnene wa nailoni unaouzwa kwa wavuvi waweza kufaa kwa kazi hiyo.

Kwa kuwa nyuzi zote ni uzi mmoja, inanga haina vifunguo vya kukazia kama vya gitaa. Kinachoshikilia kila kipande kisilegee ni msuguano wa uzi kwenye jino. Mpigaji anayetaka kupandisha sauti huuvuta uzi kupitia meno, na kipande kimoja kikikazwa, cha jirani nacho huweza kubadilika. Kwa hiyo kazi hii hufanywa kwa mpangilio, kipande baada ya kipande, kisha hurudiwa tangu mwanzo.

Sauti na upigaji

Nyuzi za inanga hupangwa katika ngazi ya sauti tano, kisha baadhi ya sauti hurudiwa juu au chini zaidi. Hakuna kipimo kimoja cha lazima kwa ala zote: mpigaji hulinganisha ala na koo lake mwenyewe.

Mpigaji hukaa na kuiegemeza ala mapajani au mbele ya miguu yake. Hutumia mikono yote miwili kudonoa nyuzi. Kwa kawaida huanza na kifungu kifupi cha sauti chache, hukirudia mara nyingi, kisha hukibadilisha kidogo kidogo kadiri masimulizi yanavyosonga mbele.

Inanga ya kunong'ona

Mtindo wa Burundi uliowashangaza zaidi wataalamu ni ule ambao mpigaji haimbi kwa sauti kamili bali hunong'ona. Mnong'ono ni pumzi tu. Hauna sauti ya juu wala ya chini inayoweza kupimwa kama noti. Hata hivyo msikilizaji huhisi kwamba mtu anaimba. Sababu ni kwamba nyuzi hupiga sauti ambazo maneno yangekuwa nazo kama yangetamkwa wazi, na sikio huziunganisha pumzi na nyuzi kuwa kitu kimoja. Mtaalamu wa muziki Cornelia Fales ameuchunguza mtindo huu kwa kina. Joseph Torobeka ni miongoni mwa wapigaji wa Burundi waliojulikana nje ya nchi yao kwa rekodi za inanga.

Jambo hili huwezekana kwa sababu Kirundi, kama Kiha, ni lugha ya toni: silabi ikitamkwa kwa sauti ya juu badala ya chini, neno laweza kubeba maana nyingine. Kiswahili hakina toni za namna hiyo.

Nyimbo na jamii

Inanga ilikuwa ala ya nyumba za watawala na ya wafugaji. Nyimbo zake husifu ng'ombe, hueleza vita na mashujaa, hukumbusha nasaba na hutoa maonyo. Katika Kagera, Wahaya wamehifadhi tendi ndefu zinazoimbwa kwa enanga, mojawapo ikiwa Rukiza. Profesa Mugyabuso Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alizitumia tendi hizo kuonyesha kwamba Afrika ina utendi wa kishujaa wa asili yake yenyewe.

Ufalme ulikwisha Rwanda mwaka 1961 na Burundi mwaka 1966. Tanganyika iliondoa mamlaka ya machifu mwaka 1963, na tawala za Buha kama Heru, Muhambwe na Buyungu zikakosa nafasi yake ya zamani. Hivyo inanga ilipoteza nyumba zilizoitunza, ikabaki mikononi mwa watu binafsi.

Kwa muda mrefu wapigaji walikuwa wanaume. Nchini Rwanda, Sophie Nzayisenga, aliyefundishwa na baba yake, mpigaji Thomas Kirusu, ameonyesha kwamba mwanamke naye huweza kuwa bingwa wa ala hii.

Inanga na gitaa mkoani Kigoma

Mkoa wa Kigoma uko kwenye njia ya muziki. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika iko Kongo, ambako mtindo wa gitaa ulioenea Afrika Mashariki ulikulia. Katika miji kama Kigoma na Ujiji, na katika vijiji vya mwambao kama Ilagala, karibu na mahali Mto Malagarasi unapoingia ziwani, kijana anayependa muziki hukutana na gitaa au kinanda mapema kuliko inanga.

Lakini mpiga gitaa ana mengi ya kumsaidia akiishika inanga. Vidole vyake vya mkono wa kulia vimezoea kudonoa, na sikio lake limezoea kutambua uzi uliolegea. Mkono wa kushoto, ambao kwenye gitaa hubana nyuzi shingoni, hapa huachiliwa nao udonoe. Hakuna kodi za kukariri. Kwa kuwa nyuzi zote ni za ngazi moja ya sauti tano, ni vigumu kugusa uzi unaogombana na mwenzake. Anachopaswa kuacha ni mazoea ya kucharaza nyuzi zote kwa pamoja, kwani yatameza maneno.

Hatua inayofuata haitokani na gitaa. Mpigaji hana budi kutamka ubeti polepole, kusikiliza ni wapi sauti inapanda na wapi inashuka, kisha kutafuta nyuzi zinazofuata njia hiyo. Hapo msemaji wa Kiha humtangulia mpiga gitaa hodari asiyeijua lugha.

Hali ya sasa

Sehemu ya urithi huu imehifadhiwa katika rekodi. Hugh Tracey alirekodi muziki wa Tanganyika mwaka 1950 na wa Ruanda-Urundi mwaka 1952. Mkusanyiko wake uko katika maktaba ya muziki wa Afrika iliyoko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Nchini Tanzania, ala za asili hufundishwa katika Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa). Muziki ni somo la mtihani wa kidato cha nne, lakini shule zinazolifundisha ni chache.

Rekodi huhifadhi sauti, wala haitoshi kuhifadhi maana. Wimbo wa inanga usioandikwa maneno yake na kufafanuliwa na mjuzi wa lugha hubaki mlio mzuri tu, kwa sababu majina ya ng'ombe, ya milima na ya watu yaliyomo ndiyo historia yenyewe. Ala inaweza kuchongwa upya wakati wowote mti, tezo na uzi vikiwepo. Maneno hayachongwi upya mzee aliyeyajua akishafariki.

Tazama pia

Enanga
Ligombo
Kanuni (ala ya muziki)
Zeze
Gitaa
Waha