Jaji Denning na Lugha ya Sheria

Mwaka 1955 Mahakama ya Rufani ya Uingereza, iliyoketi London, ilisikiliza shauri lililotoka Mombasa. Mzozo ulihusu daraja la Nyali, lile la kuelea lililofunguliwa mwaka 1931 kuunganisha kisiwa cha Mombasa na bara ya upande wa kaskazini. Kampuni ya Nyali ilikuwa na haki ya kuwatoza ushuru wavukao, na swali likawa iwapo magari ya jeshi la Uingereza nayo yalipaswa kulipa. Jambo lilionekana dogo, lakini lilizaa swali kubwa zaidi. Pwani ile ilikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar iliyowekwa chini ya ulinzi wa Uingereza mwaka 1895. Sheria ya Kiingereza iliingizwa huko kwa amri ya kifalme, kwa sharti kwamba itumike kwa kadiri hali ya mahali itakavyoruhusu. Sharti hilo lilikuwa na maana gani?

Mmoja wa majaji alilijibu kwa mfano wa mti. Sheria ya mapokeo ya Kiingereza, yaani ile iliyojengwa na hukumu za majaji kwa karne nyingi, aliifananisha na mwaloni wa Kiingereza. Alisema kwamba mwaloni huo hauwezi kung'olewa ukapandikizwa katika udongo wa Afrika na kutazamiwa ubaki na ugumu uleule. Utastawi, lakini unahitaji kupogolewa na kutunzwa. Kisha akaongeza hoja iliyo nzito kuliko mfano wenyewe: watu wa nchi hizo wanapaswa kuwa na sheria wanayoielewa na watakayoiheshimu, na kazi ya kuirekebisha ni ya majaji wa nchi hizo.

Jaji huyo alikuwa Alfred Thompson Denning, ambaye baadaye alijulikana kama Lodi Denning. Wanasheria wamemchambua mno. Wanaisimu, kwa upande wao, wanayo sababu yao ya kumtazama. Katika maisha yake ya kazi yote, Denning aliichukua lugha kuwa chombo cha haki. Historia yake inaonyesha chombo hicho kinaweza kufanya nini, na pia kinashindwa wapi.

Denning alizaliwa tarehe 23 Januari 1899 katika mji mdogo wa Whitchurch, jimbo la Hampshire, mtoto wa mfanyabiashara wa vitambaa na mama aliyekuwa mwalimu. Ndugu zake wawili walipoteza maisha katika Vita Kuu ya Kwanza, na yeye mwenyewe alitumikia jeshi la wahandisi huko Ufaransa mwaka 1918. Alisoma hisabati katika chuo cha Magdalen, Oxford, akafaulu katika daraja la kwanza, akafundisha somo hilo kwa muda mfupi katika shule ya Winchester, kisha akarudi Oxford kusoma sheria. Aliingia uwakili mwaka 1923, akawa wakili wa Mfalme mwaka 1938, jaji wa Mahakama Kuu mwaka 1944, na jaji wa Mahakama ya Rufani mwaka 1948. Mwaka 1957 aliingia Baraza la Malodi, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa mahakama ya mwisho. Mwaka 1962 aliteremka kwa hiari yake akarudi Mahakama ya Rufani, safari hii akiwa kiongozi wake katika mashauri ya madai, na akakaa katika kiti hicho kwa miaka 20. Kupanda kote huko hakukumwondolea lafudhi ya Hampshire, ambayo wengi wa tabaka lake wangeona haya kuidhihirisha barazani.

Mtindo wake wa kuandika hukumu ulitofautiana waziwazi na ule wa wenzake. Sentensi za kisheria za Kiingereza zilizoea kuwa ndefu, zenye vishazi vilivyobebana na masharti juu ya masharti. Za Denning zilikuwa fupi, nyingi zikiwa na kitenzi kimoja tu, na alianza na kisa kabla ya kanuni. Katika hukumu ya mwaka 1970 kuhusu ajali ya barabarani, hakuanza na hoja za mawakili. Alianza na majira: maua ya buluu yamechanua katika jimbo la Kent, na familia imesimamisha gari pembezoni mwa barabara ili kunywa chai. Msomaji anapofikia gari jingine lililopoteza mwelekeo na kumuua baba, amekwisha kufahamu mjane yule alipoteza nini alipoyaona hayo kwa macho yake mwenyewe. Fidia ya pauni 4,000 kwa mshtuko wake haikupunguzwa.

Falsafa yake ya lugha aliieleza mapema. Katika shauri la mwaka 1949, mwanahisabati huyu wa zamani alisema kwamba lugha si hisabati: watunga sheria hawawezi kuona mbele kila jambo, wala maneno hayawezi kubana kila tukio. Kwa hiyo jaji asikunje mikono na kumlaumu mwandishi wa sheria. Asiibadilishe nyuzi ambazo kwazo kitambaa kimefumwa, lakini anaweza kuinyoosha mikunjo yake. Mtoto wa muuza vitambaa hakuutoa mfano huo mbali. Hata hivyo, mwaka 1951 Baraza la Malodi lilimkemea vikali kupitia kwa Lodi Simonds, likiona kwamba kuziba mapengo ya sheria kwa namna hiyo ni kunyakua kazi ya Bunge.

Msimamo huo ulizaa matunda. Katika shauri maarufu la mwaka 1946, mwenye jengo la nyumba za kupangisha London alikuwa amekubali, wakati wa vita, kupunguza kodi ya pauni 2,500 kwa mwaka hadi nusu yake. Kwa mujibu wa kanuni ya zamani, ahadi isiyolipiwa kitu haikumfunga aliyeitoa. Denning alieleza kwamba mtu akitoa ahadi ili mwenzake aitegemee, na mwenzake akaitegemea, hawezi kugeuka baadaye kudai alichosamehe. Msemaji wa Kiswahili hana haja ya maelezo marefu hapa, kwani methali yasema ahadi ni deni. Sheria ya Kiingereza ilihitaji jaji jasiri ili ilikaribie jambo ambalo methali ililisema kwa maneno matatu. Vilevile mwaka 1951 alibaki peke yake akishikilia kwamba wahasibu waliotayarisha hesabu kwa uzembe wanawajibika kwa mtu waliyejua kuwa angezitegemea. Miaka 12 baadaye, mwaka 1963, Baraza la Malodi liliukubali msingi wa hoja yake.

Lakini sifa za mtindo zisifiche upande wa pili. Mwaka 1980 watu sita waliofungwa mwaka 1975 kwa milipuko ya mabomu ya Birmingham, iliyoua watu 21, waliomba kuwashtaki polisi kwa madai ya kupigwa. Denning aliwakatalia kwa sentensi nyepesi kabisa kueleweka: wakishinda, itamaanisha kwamba polisi walisema uongo, walitumia nguvu na vitisho, na kwamba hukumu zile zilikosewa, hilo ni jambo la kutisha mno, hivyo shauri lisiendelee. Mwaka 1991 hukumu za watu hao zilitenguliwa, baada ya miaka 16 gerezani. Aidha, mwaka 1982 aliamua, kwa kupekua kamusi na kufuatilia asili ya neno, kwamba Masingasinga si kundi la kikabila linalolindwa na sheria dhidi ya ubaguzi, na kwamba mwalimu mkuu aliyemkataa mtoto kwa sababu ya kilemba hakuvunja sheria. Mwaka uliofuata Baraza la Malodi lilitengua uamuzi huo, likitambua kwamba kundi hujulikana kwa historia na mila zake za pamoja, si kwa nasaba pekee. Mwaka huohuo wa 1982, kitabu chake kiliondolewa sokoni kwa sababu ya maneno yake kuhusu wazee wa baraza weusi katika kesi moja ya Bristol. Aliomba radhi, na akastaafu. Alifariki tarehe 5 Machi 1999, akiwa na umri wa miaka 100.

Fundisho kwa wanaisimu ni kwamba sentensi iliyo wazi si lazima iwe ya haki. Mtu aliyeweza kumfanya msomaji amwone mjane wa Kent hakuwaona wafungwa sita wa Birmingham. Hata hivyo uwazi una faida moja isiyoweza kupuuzwa: kosa lililoandikwa kwa lugha inayoeleweka huonekana. Hoja ya mwaka 1980 ilikumbukwa na kulaumiwa kwa sababu kila aliyeisoma aliielewa. Ingefichwa ndani ya istilahi, ingeishi salama zaidi.

Hapo ndipo neno la Denning kuhusu daraja la Nyali linaporejea kwa Waswahili. Mwaka 1961 kamati aliyoiongoza ilipendekeza wanasheria wa Afrika wafunzwe zaidi katika nchi zao, na Oktoba mwaka huohuo Kitivo cha Sheria kikafunguliwa Dar es Salaam. Lakini mwaloni uliendelea kusema Kiingereza. Nchini Tanzania, mkulima alijieleza kwa Kiswahili katika mahakama ya mwanzo. Shauri lake lilipopanda ngazi, kumbukumbu na hukumu ziliandikwa kwa lugha ambayo pengine hakuijua. Alishinda au alishindwa bila ya kusoma kwa nini. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, huku Kiingereza kikiruhusiwa pale haki inapokihitaji.

Mabadiliko hayo yamewapa watafsiri, wanaistilahi na majaji kazi ngumu, na historia ya Denning inawaonya wasikosee shabaha. Kubadili kila neno la Kiingereza kwa neno la Kiswahili, huku sentensi ikibaki na vishazi vyake vilivyobebana, ni kuupandikiza mwaloni uleule bila kuupogoa. Hukumu inapaswa kuandikwa kwa Kiswahili tangu inapofikiriwa, ikianza na kisa cha watu waliofika mahakamani, na sababu zake zikipangwa kwa namna ambayo aliyeshindwa anaweza kuzifuata. Uandishi wa namna hiyo hautamzuia jaji kukosea. Utamwezesha mwananchi aliyekosewa kuliona kosa, kulitaja kwa jina, na kukata rufani.