Kipande, Java na Mambo ya Ndani

Ukisomea kompyuta Juja, katikati ya Ruiru na Thika, utafundishwa mapema kwamba fildi ikiwekwa alama ya private, klasi nyingine haina ruhusa ya kuigusa. Baadaye kidogo, msee wa mwaka wa tatu atakunong'onezea kwamba kuna njia ya panya.

Njia hiyo inaitwa rifleksheni. Programu ikiwa inaendelea kufanya kazi, inaiuliza klasi: una fildi gani? Inaitaja moja kwa jina, inaita setAccessible(true), halafu inasoma kilichofichwa, hata kukibadilisha. Java ilipata rifleksheni mwaka 1997, katika toleo la 1.1. Ufunguo wa kuruka alama ya private ukaja na toleo la 1.2, Desemba 1998. Haukuwekwa kwa ajili ya wezi. Zana kama Hibernate huutumia kujaza objekti kutoka kwenye hifadhidata, na wanaojaribu programu huuhitaji pia. Kwa hivyo private ilikuwa ua wa michongoma: inamzuia mpita njia, si mtu aliyekuja na panga.

Lakini swali la nani ana haki ya kufungua mambo ya ndani ya mwingine lilifika huku kabla ya kompyuta yoyote. Reli ilifika Thika 1913, na mashamba ya walowezi, ya kahawa na mkonge, yakataka vibarua. Sheria ya kuwasajili Waafrika ilipitishwa 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alitakiwa kubeba kipande: karatasi yenye jina, kabila, alama za vidole, majina ya waajiri, mshahara, tarehe ya kuanza kazi na ya kuacha. Ilikaa ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni. Watu walikifananisha na kengele ya mbuzi.

Hebu kiangalie kwa jicho la programa. Data ni ya kibarua na inakaa mwilini mwake, lakini anayeandika ni mwajiri, na polisi anasoma akitaka. Mwenyewe haruhusiwi kubadilisha hata neno. Mwajiri asipotia sahihi ya kumwachilia, kuondoka shambani kunageuka kosa la kutoroka kazi.

Harry Thuku alikifanya kipande kuwa hoja ya siasa mwaka 1921. Alikamatwa Machi 14, 1922, na siku mbili baadaye polisi wakafyatulia risasi umati uliodai aachiliwe pale Nairobi. Miongoni mwa waliouawa ni Mary Muthoni Nyanjiru. Sheria ya kusajili watu wa kila rangi ilikuja 1947, miaka 25 baadaye.

Java nayo ilichukua muda. Toleo la 9, mwaka 2017, lilileta moduli, lakini mwanzoni anayepenya alipewa onyo tu. Toleo la 17, Septemba 2021, likakaza: sehemu za ndani za Java yenyewe hazifunguki mpaka anayeendesha programu aamuru wazi, pakiti kwa pakiti. Klasi zako za kawaida, zisizo ndani ya moduli, bado zinafunguka kama zamani.

Mwezi uliofuata, Oktoba 14, Mahakama Kuu ilibatilisha uzinduzi wa kadi za Huduma. Serikali haikuwa imefanya kwanza tathmini ya athari kwa data za watu, jambo linalotakiwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Mambo haya mawili hayakupangwa pamoja, ila yote yanamtaka anayefungua aseme anafungua nini, kabla hajafungua.

Sasa wewe unayeandika mfumo wa sacco au wa zahanati pale Ruiru, tumia rifleksheni kwenye majaribio, hakuna shida. Usidhani tu kwamba neno private linamlinda mwanachama dhidi ya msimamizi wa mfumo. Ficha namba za siri kwa njia za usimbaji, na uweke kumbukumbu ya nani alisoma nini, lini, na kwa sababu gani. Kibarua wa kahawa hakuwahi kupata nafasi ya kumuuliza polisi swali hilo. Mwanachama wako anayo, na sheria iko upande wake.